Kumwaga maji ya pisini mu lupango bila kuharibu kisima cha jirani

Pisini ya mita 8 kwa mita 4, yenye kina cha mita 1,50, inabeba litre 48 000 za maji. Ni mapipa 240 ya litre 200. Maji hayo yakimwagwa siku moja mu lupango ya mita 20 kwa 25, na yakisambaa sawasawa, yatafunika udongo kwa karibu sentimeta 10. Lakini maji hayasambae sawasawa, yanatafuta mahali pa chini. Huku Kasungami, ku komini Annexe ya Lubumbashi, mahali pa chini panaweza kuwa ni kwa jirani: choo chake ao kisima chake.

Hatari kubwa iko hapo. Maji mengi yakiingia mu choo cha shimo, yanakijaza, na uchafu unatoka inje ao unapita mu udongo mpaka ku kisima. Kolera inapenda njia hiyo. Inashauriwa choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30, lakini mu lupango ndogo nafasi hiyo haipatikane.

Wakati gani?

Mufanye kazi hii wakati wa kiangazi, mbele mvua ya mwezi wa 11 ianze. Udongo mukavu unakunywa maji. Wakati wa mvua, maji ya chini ya udongo yanapanda, na pisini tupu inaweza kusukumwa kutoka chini mpaka ipasuke. Tena, mujiulize kwanza kama ni lazima kumaliza maji yote: mara nyingi kutoa nusu na kusafisha kunatosha.

Namna ya kufanya

1. Muache kutia javeli ao klore kwa muda wa juma moja, pisini ikiwa wazi. Jua linapunguza klore. Mupime: iwe karibu na 0. Maji ya pisini ya chumvi, ao yenye dawa ya shaba ya kuua majani ya maji, yasiende ku bustani wala ku bwawa la samaki.

2. Mutafute kwanza njia ya maji. Mumwage ndoo moja na muangalie inaelekea wapi. Muache mbali kisima, choo, fosi septike, musingi wa nyumba na ukuta.

3. Musitoe yote mara moja. Pompi ya litre 5 000 kwa saa inamaliza pisini hiyo kwa karibu saa 10. Afazali saa 2 kwa siku, siku 5, na kuhamisha tuyo kila siku. Maji yakianza kusimama, muzime pompi.

4. Kama udongo ni mugumu, muchimbe shimo la kumeza maji, mulijaze mawe, mbali na kisima.

5. Kabla ya kutuma maji ku kanivo ya avenyu, muulize shefu wa kartie na muangalie kama kanivo haijazibwa na plastiki.

Watu ku Bukavu wawe waangalifu zaidi: kumwaga maji mengi ku mutelemuko kunaweza kuangusha udongo juu ya nyumba za chini. Ku Goma, mawe ya volkano yanameza maji haraka, lakini yanameza pia uchafu.

Jirani ana haki

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, inamulazimisha mwenye kiwanja cha chini kupokea maji yanayoteremuka yenyewe kutoka juu. Maji ya pompi hayateremuke yenyewe: ni mutu anayatuma. Basi, mujulishe jirani mbele, na yeye afunike kisima chake.

Kisha kazi

Mukaushe maji yote yanayobaki chini ya pisini na mu mashimo ya lupango. Mbu anatoka ku yai mpaka kuruka kwa siku 7 mpaka 14, na malaria inamufuata. Tena, mufunge njia ya kufika ku pisini tupu: mutoto akianguka ndani, anaanguka ku simenti.