Rusumo, Kigali na friji la mtumba

Ukisimama Ngara, pale darajani Rusumo, ng'ambo ni Rwanda. Wakubwa zetu wanalikumbuka daraja lile kwa wakimbizi wa mwaka 1994. Mimi limenikumbusha friji.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye mafriji, hupanda angani na klorini yake hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Itifaki ya Montreal ikaja 1987, Tanzania ikajiunga 1993, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea nazo zikatakiwa kuachana na CFC. Mbadala wake, HFC, hauli ozoni ila unaongeza joto duniani. Oktoba 2016 mataifa yakakubaliana kuupunguza. Wapi? Kigali, ng'ambo hiyo hiyo.

Leo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 kwa nchi tatu. Umeme ukizidi kuenea Ngara na Biharamulo, friji za mtumba zitafuata. Fundi akikata bomba gesi ikapotelea hewani, mkataba haumwoni. Wadau, tumfundishe, tumpe na mashine ya kunasia gesi. La sivyo Kigali itabaki karatasi.