Kufuli la Elimu

Kila serikali ina siri zake, na hakuna mtu mzima anayeshangaa kuona kufuli mlangoni. Swali linalonijia katika siku hizi za kustaafu, ninaposoma habari za vyuo vikuu vya Marekani, ni jingine: kufuli hilo lifungwe kwenye chumba kipi? Serikali kuu ya nchi ile imekuwa ikilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 70, mara kwa hekima, mara kwa hofu. Majibu yake yana mafunzo kwa yeyote aliyewahi kushika chaki.

Tuchukue kisa cha Qian Xuesen. Kijana huyu wa Kichina alifika Marekani mwaka 1935 kwa msaada wa masomo, na mwaka 1939 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Caltech, California. Alikuwa mmoja wa vijana walioanza utafiti wa roketi chuoni hapo. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikimalizika mwaka 1945, jeshi la Marekani lilimpeleka Ujerumani kuwahoji wataalamu wa makombora wa Hitler. Aliaminiwa kiasi hicho.

Mwaka 1950 upepo ulibadilika. Nchi ilikuwa imeingiwa na hofu ya ukomunisti. Qian akatuhumiwa, akanyang'anywa kibali cha kufanya kazi za siri. Alipotaka kurudi kwao alizuiwa, akawekwa kizuizini kwa muda, kisha akaishi miaka mitano akichungwa. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa ujasusi. Dan Kimball, kiongozi wa juu katika wizara ya jeshi la majini, alipinga asiruhusiwe kuondoka, kwa kuwa alijua thamani yake. Hata hivyo, mwaka 1955 Qian alipanda meli pamoja na mkewe na watoto wao. China ilimpokea kwa mikono miwili na kumkabidhi kazi ya makombora. Mwaka 1970 nchi hiyo ikarusha setilaiti yake ya kwanza. Waliogopa maji yasivuje, wakaupeleka mtungi mzima kwa jirani.

Miaka ya 1980 hofu ilirudi, safari hii kuhusu Urusi ya Kisovieti. Lakini kabla ya kufunga milango, Wamarekani waliketi wakatafakari. Mwaka 1982 kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na Dale Corson, aliyepata kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilieleza kwamba ni kweli teknolojia ilikuwa ikivuja, ila ni kidogo sana kilichopitia mijadala ya wazi ya vyuo vikuu. Mnamo Septemba 1985 Rais Reagan alitoa agizo linalojulikana kwa namba 189: utafiti wa msingi uachwe wazi kadiri inavyowezekana, na pale usalama wa taifa unapodai ulinzi, basi jambo hilo litangazwe rasmi kuwa siri. Maana yake, kitu ama ni siri au si siri.

Sisi walimu wakuu tulilijua jambo hilo kwa njia yetu. Mitihani ya taifa ilipofika shuleni kwangu, bahasha zilikuja zimefungwa kwa lakiri, na askari alikuwepo. Hakuna mzazi aliyelalamika. Lakini muhtasari wa masomo ulikaa mezani, daftari la mwalimu lilikuwa wazi kwa mwenzake, na mtoto aliruhusiwa kuuliza lolote. Kama ningelinda chaki kwa askari yule yule, shule ingekufa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaka wezi wa siri kwa niaba ya China. Wahenga hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulikuwepo: Charles Lieber, profesa wa Harvard, alitiwa hatiani Desemba 2021 kwa kuidanganya serikali kuhusu uhusiano wake na mpango wa China wa kuajiri wataalamu. Lakini nyavu hizo ziliwanasa na wengine. Anming Hu wa Chuo Kikuu cha Tennessee alikamatwa mwaka 2020, akapoteza kazi, kisha mahakama ikamwachia huru Septemba 2021. Gang Chen wa MIT alikamatwa Januari 2021; mwaka mmoja baadaye serikali yenyewe ikafuta mashtaka. Mpango ule ulisitishwa Februari 2022.

Sheria zilibaki. Agizo la Januari 2021 na sheria ya Agosti 2022 zinawataka watafiti wanaopewa fedha za serikali kueleza misaada na kazi zao zote za nje, na vyuo vinavyopokea zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka kuwa na mpango maalumu wa usalama wa utafiti. Kutaka mtu aseme ukweli si dhuluma. Dhuluma huanza pale fomu iliyojazwa vibaya inaposomwa kama ujasusi kwa sababu ya jina la aliyeijaza. Wanasayansi wengi wenye asili ya China wamesema hadharani kwamba wanaogopa, na mwoga haulizi maswali makubwa.

Anayelinda elimu anapaswa kujiuliza maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kikitoka, kitatuumiza? La pili: mtu huyu akitoka, tutapungukiwa na nini? Serikali huliuliza la kwanza kila siku. La pili, mara nyingi, huulizwa meli ikiwa imekwisha ng'oa nanga.