Farasi ni mambo ya bazungu? Historia fupi kwa wenye kupanga Kampemba



Ukisema tu kwamba Kampemba inaweza kuwa na fasi ya watoto wote kujifunza kupanda farasi, jibu linakuja mbio: "Ile ni mambo ya bazungu." Kwa mtu wa agronomia, jibu hilo linaleta swali: juu ya nini farasi hakuzoeleka kwetu?

Si kwamba Afrika haikumjua. Bornu, katika nchi kavu ya kaskazini, ilikuwa na askari wa farasi karne nyingi mbele ya ukoloni. Oyo pia ilikuwa nao, lakini ilinunua farasi kutoka kaskazini, kwa sababu kwake hawakudumu. Mwenye kuwaua alikuwa mbung'o, ile nzi ya tse-tse.

Miombo yetu ya Katanga njo nyumba yake. Mwaka 1866 Livingstone alitoka Mikindani na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda, akitaka kuona kama wataweza kuvumilia mbung'o. Walikufa njiani. Mwaka 1879 Léopold II alijaribu kwa tembo: wanne kutoka India waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, waende Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Mmoja tu ndiye alifika. Njo maana msafara wa Stairs, uliofika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1891, ulitegemea mabega na vichwa vya wapagazi. Mwaka 1895 David Bruce alionyesha, huko Zululand, kwamba nagana inatoka kwa kijidudu kinachobebwa na mbung'o.

Treni ilifika Élisabethville mwaka 1910. Miombo ikakatwa kwa kuni, makala na nyumba, wanyama wa pori wakakimbia, mbung'o naye akarudi nyuma. Sasa farasi angeweza kuishi hapa. Lakini mpaka mwingine ulikuwa unachorwa: eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na site ya Waafrika, na hoja iliyotolewa ilikuwa mbu na malaria. Mchezo wa farasi ukabaki upande mmoja wa mpaka ule.

Basi tutenganishe mambo mawili. Farasi alizuiwa na mdudu. Sisi tulizuiwa na ramani. Kusema "ni mambo ya bazungu" ni kuchukua ramani ya zamani na kuiita desturi yetu.

Lakini mdudu naye hajaisha. Kuna tauni ya farasi, ambayo mwaka 1854 na 1855 iliua karibu farasi 70,000 kule Cape. Inaletwa na vijinzi vidogo sana, Culicoides, vyenye kuuma toka jioni mpaka asubuhi, zaidi wakati wa mvua, karibu na matope na samadi. Hapo njo mpango unaanzia, mbele ya matandiko na kofia. Zizi liwe mahali pa juu, mbali na mabonde ya maji. Farasi waingie mbele ya jua kuzama, madirisha yawe na wavu. Chanjo ipangwe na veterinere mbele ya mvua za Novemba.

Halafu hesabu. Farasi mmoja wa kilo 500 anakula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, anakunywa litre 25 mpaka 50, anatoa samadi ya kilo 20 na zaidi. Farasi wanne ni karibu kilo 100 kila siku. Zikibaki katikati ya kartie, majirani watakuwa na haki ya kukasirika. Zikikusanywa kila asubuhi zikafanywa mboji, bamama wenye kulima lengalenga na shu watazipata kwa bei ndogo kuliko mbolea ya dukani.

Jambo la mwisho ni udongo wenyewe. Kila fasi wazi ya mjini inakatwa parsele. Kituo kisipoandikwa kwenye karatasi za komini kama mali ya watu wote, kitakuwa klabu ya wenye pesa, na ule mpaka wa zamani utarudi, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba farasi si wetu, muulize: ni mdudu amekuambia, ao ni ramani?