Silinda hedi kubwa si lazima iwe bora

Mwenye gari la barabarani anayetaka kuiongezea injini nguvu hushawishika kununua silinda hedi yenye matundu makubwa kuliko zote. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Chukua injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1967 na ambayo hadi leo hutengenezewa hedi na kampuni nyingi. Kwa gari la kuendea kazini, njia ya kuingizia hewa yenye ujazo wa sentimita 170 hadi 195 kwa kila silinda yatosha. Ikizidi 210, hewa hupita polepole injini inapozunguka taratibu, petroli haichanganyiki vyema, na gari huzubaa kila linapoondoka kwenye taa. Nguvu iliyoahidiwa hupatikana kwenye mizunguko ambayo dereva wa mjini haifikii.

Chumba cha mwako nacho kipimwe. Kikipunguzwa kutoka sentimita 76 hadi 64, penye pistoni bapa, mgandamizo hupanda kutoka takriban 9 kwa 1 hadi 10 kwa 1, na petroli hafifu huifanya injini igonge. Alumini huondoa joto upesi kuliko chuma, hivyo huvumilia mgandamizo zaidi kidogo. Bei yake, hata hivyo, ni ya juu.

Hedi za chuma ziitwazo Vortec, zilizotoka mwaka wa 1996, ni nafuu na hupitisha hewa vyema. Lakini manifoldi yake hufungwa kwa bolti 8, si 12 kama ya zamani, kwa hivyo mnunuzi hulazimika kutafuta nyingine.