Pombe, Mvua na Michoro ya Kolo

Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, alipeleka tasnifu yake Chuo Kikuu cha Uppsala, juu ya umeme unavyopita katika maji yenye chumvi. Wakubwa wakampa alama za chini. Mwaka 1887 akatamka wazi kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vyenye umeme, yaani ioni, hata kama hakuna waya uliotumbukizwa. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Wale wa alama sijui walijificha wapi!

Utaniuliza, ndugu msomaji, Uppsala na Kondoa wapi na wapi? Ngoja kwanza.

Kule Kolo, ukishika barabara ya Babati, mapango yana michoro ya watu na wanyama. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 kinaiita sanaa inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini pango la Mungomi wa Kolo kwa wenyeji ni mahali pa tambiko. Watu huomba mvua pale, hutafuta uponyaji, huchinja, na pombe humwagwa. Wahifadhi wakanung'unika: pombe inaharibu michoro. Basi ugomvi ukaanza, upande mmoja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, upande wa pili mila ambayo haikungoja sheria hiyo izaliwe.

Hapo ndipo namwita Arrhenius. Pombe ya mtama ikichacha huwa na asidi ya laktiki, ileile ya maziwa mgando. Ni asidi dhaifu, maana yake ikiwa majini molekuli chache tu ndizo zinazogawanyika. Chukua siki, ambayo hesabu zake ni rahisi: katika myeyusho wa moli 0.1 kwa lita, kati ya molekuli 1,000 za asidi yake ni kama 13 tu zimeachana. Zimua mara 100, zitafikia kama 125. Wilhelm Ostwald aliiandikia kanuni jambo hili mwaka 1888.

Ila dhaifu si sawa na mpole. Ioni chache zikitumika, molekuli zilizokuwa zimekaa kimya nazo hugawanyika kujaza pengo. Ni kama ghala la mtama: unaona debe moja mlangoni, kumbe ndani magunia yamejaa. Kwa hiyo anayesema "hii asidi kidogo tu, haina neno" hajahesabu magunia. Na anayepiga kelele kuhusu pombe peke yake naye kasahau mvua. Mvua safi hubeba asidi ya kaboni kutoka hewani, nayo dhaifu, pH yake kama 5.6. Imepiga miamba ile muda mrefu kabla ya kibuyu cha kwanza. Tena rangi nyekundu ya michoro ni oksidi ya chuma, kitu kisichoyeyuka upesi.

Mimi ni mtoto wa Kondoa na nina upande: tambiko libaki. Pombe imwagwe chini, mbali na ukuta wenye michoro, na wazee waitwe kwenye kikao wakubaliane wenyewe mahali pa kuimwaga, badala ya kuwekewa kibao cha "Hairuhusiwi".