Baba Hakuulizwa

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mkufunzi mmoja kijana alijaliwa mtoto wake wa kwanza, nasi tukachanga fedha za sabuni na kanga za mzazi. Mtoto alipofika mwezi wa tatu, yule bwana akaanza kuchelewa vipindi. Akakonda. Akisahihisha kazi za wanachuo, hata kujumlisha alama anakosea. Nilimwita ofisini, nikamuuliza hali ya mama na mtoto. Akajibu, "Hawajambo, mzee." Hali yake mwenyewe sikuuliza. Nikampa barua ya onyo.

Mwaka mmoja tu kabla ya barua ile, 1987, daktari wa magonjwa ya akili John Cox, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walikuwa wametoa dodoso la maswali 10 la kutambua sonona kwa mama aliyejifungua. Dodoso hilo huitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, huko Uskoti, lakini Cox alikuwa amekwisha fanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, akichunguza afya ya akili ya wajawazito na wazazi. Huko alikuta Waganda wana jina lao la kichaa cha uzazi: amakiro. Kumbe maradhi ya mama yalikuwa na jina hapa hapa kwa jirani zetu. Baba yeye alikuwa akiishia mlango wa wodi ya wazazi, na chupa yake ya uji mkononi.

Ilipofika mwaka 2001, watafiti wa Australia walitoa matokeo ya kulijaribu dodoso lile kwa akina baba. Likafaa, ila walishauri kiwango cha alama kishushwe, kwa kuwa mwanamume hakiri upesi kwamba analia. (Nani kati yetu angekiri, tena mbele ya mkuu wake wa kazi?) Kisha mwaka 2010 James Paulson na Sharnail Bazemore walijumlisha tafiti 43, zenye washiriki zaidi ya 28,000, wakakuta kiasi cha baba mmoja katika kila 10 hupatwa na sonona tangu mimba hadi mtoto atimize mwaka. Kipindi kibaya kuliko vyote ni kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya kuzaliwa.

Niliposoma "mwezi wa tatu" niliweka miwani mezani.

Yule kijana aliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha. Niliupitisha siku ile ile, na nakala ya onyo langu ikaondoka naye ndani ya jalada.