Uso Mmoja kwa Kila Mwaka: Majalada ya Time na Historia ya Haki za Wanawake

Kila mwezi wa Machi, hapa Likasi kama kwingineko nchini Kongo, wamama huvaa vitenge vya sikukuu yao, na hotuba husomwa juu ya haki za wanawake. Majina machache makubwa hutajwa, kisha kila mtu hurudi nyumbani kwake. Tumeona vema safari hii tutafakari jinsi historia hiyo inavyosimuliwa. Mfano wetu ni gazeti la Marekani liitwalo Time, ambalo mwezi wa Machi 2020 lilitoa majalada 100, moja kwa kila mwaka tangu 1920 hadi 2019, na juu ya kila jalada likaweka mwanamke wa mwaka ule, au pengine kundi la wanawake.

Tuanze na asili ya jambo. Tangu 1927 gazeti hilo lilikuwa likiteua kila mwaka “Mwanamume wa Mwaka”, na cheo hicho hakikubadilishwa jina hadi 1999. Katika miaka hiyo zaidi ya 70, wanawake waliopewa nafasi hiyo kwa majina yao ni wanne tu: Wallis Simpson mwaka 1936, Soong Mei-ling wa China mwaka 1937 pamoja na mumewe, Malkia Elizabeth II mwaka 1952, na Corazon Aquino wa Ufilipino mwaka 1986. Tukiwatazama vizuri, wote wanne waliingia machoni pa dunia kwa mlango wa mwanamume. Mfalme alijiuzulu ili amwoe Simpson. Soong alikuwa mke wa mtawala. Elizabeth alirithi kiti cha baba yake. Aquino alikuwa mjane wa mwanasiasa aliyeuawa, ingawa yeye mwenyewe aliliongoza taifa lake kwa ushujaa. Mwaka 1975, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, gazeti liliteua wanawake kwa jumla, lakini wale wa Marekani peke yao.

Majalada ya 2020, basi, yalikuwa malipo ya deni. Kati ya yale 100, 89 yalitengenezwa upya. Ni jambo jema mtu kulipa deni lake. Hata hivyo jalada lina kanuni yake: linataka uso, jina na mwaka. Je, historia ya haki za wanawake huenda hivyo?

Tumtazame jirani yetu wa Afrika ya Mashariki, Wangari Maathai wa Kenya, aliyewekwa kwenye jalada la mwaka 2001. Jina lake pekee lina historia. Ndoa yake ilipovunjwa mahakamani, mumewe alimtaka aache kutumia jina lake la Mathai. Wangari aliongeza herufi moja tu, likawa Maathai, likawa lake. Msomaji wa jalada huliona jina hilo, lakini haoni vita iliyomo ndani ya herufi moja.

Na kwa nini 2001? Kupanda miti alikuanza tarehe 5 Juni 1977, kwa miti saba jijini Nairobi, chini ya Baraza la Wanawake la Kenya. Mwaka 1989 alipinga jengo refu lililotaka kumeza bustani ya Uhuru. Tuzo ya Nobel ya Amani aliipata mwaka 2004. Kazi ya namna hiyo haina mwaka wake mmoja. Tena haina mikono ya mtu mmoja: miti zaidi ya milioni 30 ilipandwa na wanawake wa vijijini, waliolipwa fedha kidogo kwa kila mche uliokomaa.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika tukio la 1992. Mwishoni mwa Februari, wamama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula katika bustani ile ile ya Uhuru, wakidai watoto wao waachiliwe. Wangari alikuwa pamoja nao. Polisi walipowashambulia, baadhi ya wamama wazee walivua nguo zao, jambo ambalo katika mila zao ni laana nzito. Kisha walipata kimbilio katika kanisa kuu la Waanglikana, wakakaa humo muda wa mwaka mzima hivi, na wafungwa karibu wote wakafunguliwa. Sisi tunamkumbuka Wangari. Wamama wale, ni nani awezaye kuwataja?

Nchini kwetu mambo ni hayo hayo. Mwezi wa Desemba 1957, mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, ulikuwa mmojawapo wa miji mitatu ya kwanza ya Kongo kuchagua wakubwa wa mitaa. Wanaume ndio waliopiga kura. Vivyo hivyo katika uchaguzi wa Mei 1960, uliotangulia uhuru. Mwezi wa Oktoba 1966 Sophie Kanza akawa waziri mwanamke wa kwanza, nasi twajivunia. Lakini wanawake wa Kongo walipata haki ya kupiga kura mwaka 1967 tu. Uso mmoja uliingia serikalini kabla umati haujaruhusiwa kukaribia sanduku la kura!

Baadaye, sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mapatano mengi ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya 15 Julai 2016. Tangu 2024 tunaye Waziri Mkuu mwanamke, Judith Suminwa Tuluka. Picha yake yafaa jalada lo lote. Lakini mama anayeosha mawe ya shaba na kobalti, au auzaye makala sokoni, atapimaje historia hii? Ataipima kwa lile awezalo kulitia sahihi yeye mwenyewe, na kwa fedha zinazobaki mkononi mwake.

Kanisa nalo lina picha zake za uso mmoja mmoja: ndizo sanamu za watakatifu. Hata hivyo, baada ya kuijaza kalenda majina, Kanisa liliona halijamaliza, likaweka tarehe 1 Novemba kwa ajili ya Watakatifu Wote, wale ambao majina yao yanajulikana kwa Mungu peke yake. Hapo tunapata kanuni njema kuliko ile ya jalada: kumheshimu mmoja bila kuwasahau wengi.

Kwa hiyo twatoa shauri moja. Mama aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1967 sasa amekaribia miaka 80. Kila jumuiya imtafute, imwulize jinsi alivyopiga kura yake ya kwanza na nani alimzuia au kumtia moyo, na iyaandike maneno yake pamoja na jina lake, akikubali. Tusingoje gazeti la mbali lije kutulipia deni hilo.